Nipe Mji: Wenye Majibu wa Tabora

Mjukuu wangu, ambaye anasomea kompyuta katika chuo kimoja cha Dar es Salaam na ambaye katika tabia zake nyingine zote sina la kumlaumu, alinieleza likizo iliyopita ya kuwa mwaka 2008 huko Marekani ilianzishwa tovuti iitwayo Stack Overflow, ambamo waandishi wa programu huulizana maswali ya kazi yao, na kila ajibuye vizuri huandikiwa pointi mbele ya macho ya ulimwengu. Akaongeza, kwa yakini ya ujana, ya kwamba kabla ya hapo hapakuwa na watu popote waliopata kuipima hadhi ya mtu kwa maswali aliyoyajibu. "Huku kwetu, Babu," alisema, "mtu alijua mambo yake akafa nayo." Maneno hayo yalinichoma. Sikumkasirikia, kwa kuwa hawezi kukumbuka asilosimuliwa, lakini nimeona ni wajibu wangu kumwandikia yeye na wenzake habari za watu ambao, katika mji aliozaliwa baba yake, walijulikana na kuheshimiwa kwa majibu yao kabla ya umeme kuingia mtaani kwetu.

Tabora imekaa juu ya njia panda. Misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na nchi kavu ya Ugogo, ikatua Tura na Rubuga, ilipofika Unyanyembe iligawanyika: wengine wakashika njia ya Ujiji, wengine ya Karagwe na Buganda upande wa kaskazini, wengine wakateremka kusini kuelekea Ufipa. Reli nayo ilifuata karibu nyayo zile zile. Nimetazama maandishi ili nisimpotoshe msomaji, nikaona ya kuwa garimoshi lilifika Tabora mwaka 1912, likafika Kigoma mwaka 1914, na tawi la Mwanza likakamilika mwaka 1928. Tarehe hizo zatosha, sitazirudia. Ninalotaka kulishika ni kwamba mji ulio njia panda hupitiwa na maswali mengi kuliko mji ulio mwisho wa njia, na mkazi wake, akiwa na masikio na kumbukumbu, huweza kuwa mjuzi wa nchi ambazo mguu wake haukuzikanyaga.

Wa kwanza wa namna hiyo ambaye jina lake limehifadhiwa vitabuni ni Snay bin Amir, Mwarabu wa Kiharthi aliyeanza maisha Maskati kwa kuuza vitamutamu, akaja bara, akawa miongoni mwa matajiri wakubwa wa Unyanyembe kwa biashara ya pembe za ndovu na, tusifiche, kwa kununua na kuuza wanadamu. Burton na Speke, wale Waingereza wawili, walipofika Kazeh, ndiyo Tabora yetu, mwezi wa Novemba 1857, yeye ndiye aliyewapokea, akawapa nyumba, akakaa nao jioni baada ya jioni akiwajibu. Ramani waliyokuja nayo ilionyesha bahari moja kubwa katikati ya bara. Snay bin Amir akawafahamisha ya kuwa waliochora ramani ile walikuwa wameunganisha maziwa matatu yaliyo mbalimbali, la Nyasa, la Ujiji na la Ukerewe. Mwaka uliofuata Speke alilifuata lile la kaskazini kwa maelezo aliyoyapata Kazeh, akaliona, akalipa jina la malkia wake. Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London ikampa Burton medali ya dhahabu mwaka 1859, na Speke ikampa yake mwaka 1861. Snay bin Amir alisifiwa katika kitabu cha Burton kwa ukarimu wake na elimu yake, kisha akauawa katika vita vya Waarabu na mtemi Manwa Sera. Katika hesabu ya zama zile, basi, daraja alipewa aliyeuliza.

Na hata katika mchezo wa vitendawili, ambao kila msomaji wangu aliucheza, fungu la ushindi huenda kwa aulizaye: wenzake wakishindwa kutegua hudai mji, akapewa, akasafiri kwa maneno, akala na kunywa huko alikokwenda, ndipo arudipo awape jibu. Sisi watoto wa Gongoni, katika usiku wa Ramadhani wa miaka ya hamsini, tulikuwa na ada ambayo sijaikuta kwingine. Miji haikutolewa ovyo; ilitolewa kwa kuifuata njia ya misafara, kuanzia Bagamoyo, kisha Mpwapwa, kisha Tura, kisha Rubuga, na Tabora yenyewe ilitolewa kwa uchungu baada ya mashauriano, na aliyefika Ujiji alihesabiwa kuwa ameimaliza njia, akapewa kipande cha kwanza cha halua. Kulikuwa na sharti ambalo hakuna aliyethubutu kulivunja, ya kuwa aliyepewa mji asipotoa jibu, au akitoa jibu ambalo baraza nzima italikataa, hunyang'anywa miji yote ya usiku ule na kurudishwa Bagamoyo.

Aghalabu mshindi alikuwa msichana mmoja wa nyumba ya nne kutoka kwetu. Wavulana walisema ana hirizi, na wazee walisema ana akili ya ajabu. Akili alikuwa nayo, lakini mimi niliyekuwa nikimfuata mchana niliijua na siri yake. Mama yake aliuza mihogo ya kukaanga na asali ya chupa pale stesheni, na kwa kuwa abiria wa Mwanza na wa Kigoma hubadilisha treni Tabora, wakati mwingine wakangoja usiku kucha, yule binti alizunguka na sinia lake kutoka kwa Mhaya hata kwa Mgogo, kutoka kwa Mmanyema hata kwa mtu wa Morogoro, na kila aliyenunua kipande cha muhogo aliombwa kitendawili kimoja cha kwao. Aliporudi nyumbani jioni alikuwa amebeba vitendawili vya nusu ya nchi. Sisi tulitega vile vya bibi zetu, ambavyo kila mtu alikwisha kuvisikia. Yeye alitega vya Bukoba. Ustadi wake ulikuwa katika kukaa mahali ambapo watu wengi hupita, kukaa hapo kila siku, na kutoacha kitu kipotee.

Lakini mtu ambaye kwake nilijifunza jinsi hadhi ya mjuzi inavyopatikana alikuwa mwenye duka, na hapa sina budi kukaa kitako, maana kama kuna haki yo yote ninayotaka kuitimiza kwa kalamu hii ni haki yake. Duka lake lilikuwa ukingoni mwa soko, chumba kimoja kirefu chenye giza, baraza ya saruji mbele na ua wenye mwembe nyuma. Sote tulimwita Ami, wakubwa kwa wadogo, Waarabu na Wanyamwezi na Wamanyema, hata Wahindi wa duka la pili. Baba yake alitoka Omani, mama yake alikuwa Mnyamwezi wa Kwihara, na Kiswahili chake kilikuwa na ufasaha wa pwani na uzito wa bara kwa pamoja. Harufu ya duka lile ningeitambua hata leo nikifumbwa macho. Kwanza ilikuja nta, kwa kuwa wafuga nyuki wa Sikonge na Ipole walimletea nta na asali katika madebe. Ikafuata harufu ya dagaa wa Kigoma waliolala maguniani. Kisha mafuta ya taa, kisha tumbaku ya kienyeji, kisha magunia ya chumvi ya Uvinza, ambayo watu husema haina harufu kwa kuwa hawakupata kuingia mle ndani wakati wa masika. Na juu ya hayo yote, ukiinua kichwa, harufu safi ya khanga mpya zilizopangwa karibu na dari, mahali ambapo mkono wa mtoto usingefika.

Watu waliingia kununua kibaba cha chumvi wakatoka na jibu la shauri lao. Waliuliza mzigo wa asali uandikishwe vipi ili ufike Mwanza bila kufunguliwa. Barua kwa Bwana Shauri, afisa wa wilaya, ianzeje. Gunia la dagaa hupungua ratili ngapi likikaa mwezi. Mtu aliyekufa Ujiji na kuacha shamba Urambo mirathi yake isemwe wapi. Ami alikuwa na utaratibu ambao wakati ule niliuona kuwa ni tabia yake tu, na baadaye nikautambua kuwa ni elimu. Kwanza alitoa neno moja la kumtuliza muulizaji, ndiyo, au siyo, au nenda stesheni, ili mtu asisimame katika wasiwasi; kisha, akiisha kupima chumvi na kufunga mzigo wa mteja mwingine, alimrudia yule wa kwanza na kumfafanulia sababu, na kila sababu aliifafanua kwa kitu kilichokuwa mbele ya macho yao, mizani, debe, kamba ya gunia. Hakutoa jibu bila kutaja alikolipata. "Haya nimeyasikia kwa karani wa bidhaa," angesema, au, "haya aliniambia mzee mmoja wa Ujiji, nami sijayajaribu." Asilolijua alisema halijui, papo hapo, mbele ya watu, na akamtaja alijuaye, na kwa mambo ya mirathi hakuwahi kufungua kinywa, alimpeleka mtu kwa kadhi.

Yalikuwako maswali yaliyomjia kila siku kutoka kwa watu mbalimbali, nami nilizoea kudhani yatamchosha. Badala ya kuchoka alichukua ubao wa sanduku la chai, akaandika juu yake kwa rangi nyeusi, kwa hati ya Kiarabu upande mmoja na kwa hati ya kizungu upande wa pili, siku za treni ya Mwanza na ya Kigoma, uzito ambao abiria huruhusiwa kuchukua, na maneno ya kuandika juu ya mzigo, akautundika mlangoni. Ubao huo ulisomwa na watu ambao hawakuwahi kununua hata kiberiti kwake. Wengine waliunakili, wakaupeleka Nzega na Kaliua, na huko watu waliposema "Ami wa Tabora ndivyo alivyoandika," neno likawa limekatwa. Hivyo ndivyo jina lake lilivyosafiri. Mtu aliyepeleka fedha zake kwa jamaa wa mbali alizipitisha kwake. Wasafiri walimwekea amana. Barua zilifika zikiwa na anwani ya maneno mawili tu, Ami, Tabora. Hakuna aliyemwandikia pointi, lakini hesabu ilikuwapo na kila mtu aliijua, na siku alipozikwa watu walijaa tangu mlango wa msikiti hata soko.

Mahali pa duka lile pamejengwa vyumba vya kukodisha, na katika kimoja chao kijana anauza vocha na vifuniko vya simu. Niliingia, nikamwuliza saa za treni. Hakuinua macho. Hilo sitalisamehe kwa urahisi, kwa sababu stesheni iko pale pale na treni bado inapita.

Chini ya meza ya Ami kulikuwa na sanduku lingine la chai, lililojaa nakala za Mambo Leo. Gazeti hilo, ambalo Idara ya Elimu ililianzisha Dar es Salaam Januari 1923 na ambalo lilitoka mara moja kwa mwezi, lilikuwa na kurasa za mashairi, na katika kurasa hizo washairi walitupiana maswali na mafumbo: mmoja wa Tanga huuliza kwa beti zake, na baada ya mwezi au miezi miwili mwingine wa Lindi au wa Ujiji humjibu kwa bahari ile ile na vina vile vile, na wa tatu akaja kuwasahihisha wote wawili. Jioni Ami alisoma kwa sauti barazani, na mafundi wa reli, wanafunzi wa shule ya serikali na wauza tumbaku walisikiliza kama wasikilizavyo hukumu. Jibu la haraka halikuwezekana. Mtu alikuwa na mwezi mzima wa kulipima neno lake, na akiisha kulituma hakuwa na njia ya kulifuta. Malipo yake yalikuwa jina lake, au lakabu yake, na jina la mji wake chini ya shairi. Nakumbuka jinsi baraza ilivyonyamaza kila liliposomwa neno "Tabora" chini ya jibu, kisha ikapiga makofi.

Katika mji wetu alisoma pia Kaluta Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji wa mwaka 1924, ambaye baadaye alikuwa shekhe wa Ahmadiyya na waziri, na ambaye mwaka 1954 alitoa kitabu cha Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Kabla ya kitabu hicho ubishi wa nani amejibu vizuri ulikwisha kwa kelele, au kwa umri, au kwa ukoo. Baada yake mtu angeweza kufungua ukurasa na kuonyesha mizani iliyopungua au kina kilichopotea, na mtoto wa mpagazi akamshinda mtoto wa liwali kwa haki. Nathubutu kusema hakuna kilichowafaa wajibizanaji wa Kiswahili kuliko kanuni hizo zilizoandikwa, zinazomhusu kila mtu sawasawa. Vijana wa leo wanalijua jina la Amri Abedi kwa uwanja wa mpira wa Arusha. Nimeuliza wengi alikuwa nani, wakanitajia mfungaji wa magoli.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Redio iliingia kila nyumba, na watu wakaanza kujulikana nchi nzima kwa kadi za salamu, kwa wingi wa majina waliyoyataja kuliko kwa jambo walilolijua. Zikaja simu za mkononi. Mwaka 2006 ikaanzishwa Jambo Forums, ambayo miaka miwili baadaye ikaitwa JamiiForums, na humo, katikati ya kelele za siasa, nimesoma majibu juu ya mizinga ya nyuki na juu ya hati za mashamba ambayo Ami angeyatundika mlangoni kwake, yameandikwa na watu wenye lakabu kama washairi wa zamani. Hayo nayapita, maana mjukuu wangu anayataka yale ya pointi, nami nimejifunza hesabu yake ili tuzungumze sawasawa.

Katika Stack Overflow jibu likisifiwa kwa kura moja mwandishi wake hupata pointi 10. Muulizaji akilikubali kuwa ndilo lililomfaa, hupata 15. Likilaumiwa hukatwa 2. Kura hazimpi mtu zaidi ya pointi 200 kwa siku moja, ila pointi za kukubaliwa hazimo katika mpaka huo, wala zile za zawadi, ambazo muulizaji aliyekosa jibu huzitoa katika fungu lake mwenyewe, tangu 50 hata 500, akazitangaza kwa atakayemsaidia. Hapo nilimwambia mjukuu wangu anyamaze kidogo. Mtu aliyeshindwa, anayetoa sehemu ya mali yake ya heshima ili aambiwe jibu, ndiye yule yule aliyetoa Rubuga au Ujiji barazani petu. Tofauti ni kwamba sasa mji humwendea ajibuye, na kwa maoni yangu hayo ni maendeleo ya kweli, maana haki iliyomkosa Snay bin Amir imepatikana.

Msomaji afanye hesabu pamoja nami. Pointi 200 kwa siku ni 73,000 kwa mwaka, na kwa miaka kumi mizima, bila kukosa siku, ni 730,000. Mwingereza mmoja wa Reading, Jon Skeet, mfanyakazi wa Google na mtunzi wa kitabu juu ya lugha ya programu iitwayo C#, alifika milioni moja mwezi wa Januari 2018, naye ni mtu wa kwanza kufika huko, kabla tovuti haijatimiza miaka kumi. Maana yake ni kwamba pointi zisizopungua 270,000 alizipata nje ya mpaka ule, karibu zote kwa waulizaji kusema: hili ndilo lililonitoa. Alikuwa amekwisha kuandika majibu zaidi ya 30,000, ambayo ukiyagawa kwa siku ni kama majibu tisa kila siku, Jumapili na sikukuu, kwa miaka tisa na zaidi. Leo jumla yake imepita 1,400,000.

Yapo mambo ambayo wenye jumla kubwa za pointi hufanana kwayo, nayo si uchawi. Wengi wao waliingia mapema, wakati maswali ya msingi yalikuwa bado hayajaulizwa. Walichagua somo linalotumiwa na watu wengi. Mjuzi wa lugha inayoandikwa na watu mia hatapata milioni hata akiwa bingwa wa mabingwa. Hutoa jibu fupi upesi, kisha huliongeza na kulisahihisha katika dakika zifuatazo, ambayo ndiyo desturi ya Ami na mizani yake. Zaidi ya hayo, jibu lililo wazi kwa swali linaloulizwa na kila anayeanza kazi huendelea kuleta kura miaka mingi baada ya mwandishi wake kulisahau: ni kama miembe ya barabara ya misafara, ambayo waliotupa kokwa zake hawapo, na hata leo apitaye hukaa kivulini na kula. Jibu gumu la swali la nadra, ambalo huenda lilimgharimu mtu usiku mzima, huweza kubaki na kura mbili. Mjukuu wangu aliliona hilo kuwa dhuluma. Mimi nilimwambia siyo, kwa kuwa hesabu ile haipimi uchungu wa mjuzi, hupima idadi ya watu waliofaidika.

Kisha akanisomea jibu moja la mwaka 2012, ambalo limepata kura zaidi ya 30,000. Mtu aliuliza kwa nini kompyuta hupitia upesi zaidi orodha ya namba zilizopangwa kwa utaratibu, kuliko namba zile zile zikiwa zimechanganyika. Aliyejiita Mysticial akamjibu kwa kuweka picha ya reli inapogawanyika. Akamwambia: wewe ni mtumishi wa njia panda ya reli, katika zama ambazo hakuna redio wala simu, unasikia garimoshi linakuja na hujui linakwenda upande gani. Waweza kulisimamisha ukamwuliza dereva, lakini garimoshi ni zito, huchukua muda mrefu kusimama na muda mrefu zaidi kuondoka. Afadhali ukisie. Ukipatia, litapita bila kupunguza mwendo. Ukikosea, itabidi lirudi nyuma, nawe ugeuze njia. Na kama magarimoshi yanakuja kwa utaratibu, yote ya upande mmoja kwanza, kisha yote ya upande wa pili, makisio yako yatakuwa sahihi karibu kila mara. Kompyuta hufanya vivyo hivyo ndani yake.

Sikuwa nimepata kuielewa kompyuta hata siku ile. Niliielewa mara moja, na mtoto yeyote wa stesheni ya Tabora angeielewa, kwa sababu njia panda ile iko kwetu, tawi la Mwanza huku na la Kigoma kule. Mwandishi wa jibu lile aliifafanua kompyuta kwa kitu ambacho watu wamekwisha kukiona kwa macho, na makumi ya maelfu ya wataalamu wakamshukuru. Nimekaa darasani na wasomi wengi waliodhani kwamba kueleweka kwa urahisi ni kujishusha. Waende wakasome jibu lile.

Yaliyofuata sina furaha nayo. Mwishoni mwa Novemba 2022 ilitolewa ChatGPT, mashine ijibuyo kila swali kwa ufasaha, iwe inajua au haijui. Mwezi wa Desemba Stack Overflow ikapiga marufuku majibu yaliyotungwa nayo, kwa kuwa yalifanana na kweli na mengi yalikuwa na makosa. Walakini waulizaji walianza kuhama, na maswali mapya yakapungua sana mwaka kwa mwaka. Mei 2024 kampuni yenye tovuti ilipatana na OpenAI, wenye mashine ile, kuwapa majibu yaliyokusanywa, na baadhi ya waandishi waliojaribu kuyafuta majibu yao kwa kupinga walifungiwa. Basi maarifa waliyoyatoa watu kwa miaka kumi na mitano, kila moja na jina lake na hesabu yake, sasa hutoka katika kinywa kimoja ambacho hakisemi, "haya nimeyasikia kwa mzee mmoja wa Ujiji, nami sijayajaribu." Muulizaji huondoka na ziwa lake, na mwenyeji wa Kazeh hatajwi. Wanaoniambia kwamba hayo ndiyo maendeleo nawauliza: nani atajibu swali la kesho, ambalo halijapata kuulizwa, ikiwa aliyejibu la jana hakupewa hata mji mmoja?

Neno langu la mwisho ni kwa mjukuu wangu na kwa vijana wote wanaoandika programu Tabora, Kigoma, Mombasa na Bukavu. Tovuti ile ina matawi ya Kireno, ya Kirusi, ya Kihispania na ya Kijapani. La Kiswahili haina. Kila mnachokijua mmekisoma kwa Kiingereza, na anayewafuata nyuma, ambaye Kiingereza chake ni kidogo, anasimama mlangoni bila ubao wa kusoma. Andikeni majibu kwa Kiswahili, mahali po pote patakapowafaa, kwa majina yenu, mkitaja aliyewafundisha na mkisema wazi msilolijaribu. Wala msingoje maswali makubwa. Anzeni na yale ambayo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huyauliza kila siku, kwa sababu hayo ndiyo yenye watu wengi wanaoyangoja.